Podo Kapata Mwandishi, na Si Wewe

Chumba cha nyuma,
Kiwanda cha Uchapaji,
Jumatano, tarehe 14.

Mpendwa Shemeji,

Nimeandika "mpendwa" kwa sababu barua haina namna nyingine ya kuanza. Usijipe moyo.

Hujambo? Habari za huko kwenye baridi? Sisi huku wazima wote, tunakula, tunalala, tunapiga chafya kidogo kwa vumbi la karatasi. Dada mzima. Mama mzima, tena mzima kupita kiasi, utasikia. Mgongo wako unaendeleaje, ule uliokuwa unakushika ghafla kila gari la karatasi lilipofika mlangoni? Natumaini huko uliko hawana karatasi.

Nakuandikia barua kama watu wa zamani kwa sababu simu yako imezimwa tangu siku ile. Siku ile unaijua. Nitaisimulia hata hivyo, maana wewe ulisikia upande mmoja tu, na mimi nilikuwa chumbani, na hakuna mtu anayesimulia vizuri kama mimi.

Kwanza nikukumbushe ulivyotuacha, kwa kuwa inaonekana umesahau. Hapa tuna katuni moja inayotulisha, inaitwa Podo. Mchana Podo ni fundi miavuli, jioni anapanda juu ya mapaa na upinde wake kuulinda mji, na mishale yake ni mbavu za miavuli mibovu, inakata kona kama pikipiki. Wewe ulikuwa unaandika maneno, mimi nachora. Ulipoondoka ulimshika Mchapaji bega ukamwambia usihofu bosi, Podo nitamwandika popote nilipo, hata nikiwa juu ya mawingu. Basi mawingu ndiyo yaliyompata Podo. Kurasa zikaanza kuchelewa, zikaja nusu nusu, kisha ukatuma zile za mwisho ukanyamaza kabisa.

Na za mwisho zenyewe sasa. Podo yuko juu ya paa la soko, amevuta upinde, anamlenga Bi Kufuli, yule mama adui mwenye funguo kiunoni anayewafungia watu milango. Mshale unatoka. Kisanduku cha mwisho umesema nikipake giza tupu, na ndani ya giza rafiki yake Podo anasema neno moja: "Umempata." Kwisha. Ukafunga daftari lako.

Umempata. Nani kampata nani, Shemeji? Wewe Podo umempata, yaani umemwona alikojificha? Au mshale umempata, yaani kachomwa, mama wa watu chali? Mimi niliacha shule ngeli hazijaisha, lakini hata mimi niliona hapo pana shimo. Wasomaji wakawa wanakuja mpaka mlangoni kugombana. Mwuza vocha na fundi wa redio hawasalimiani mpaka leo. Halafu wewe, mara moja tu uliyopatikana, unamwambia Mchapaji kwenye simu eti ulikusudia msomaji afikiri. Ulikusudia kuwahi kulala, basi.

Mchapaji akavumilia akachoka. Siku moja akapangusa mikono kwenye aproni, akasema Jumatatu mashine ile ina Podo au ina kalenda za mwaka ujao, na kama ni kalenda, Wino atachora maua ya pembeni. Wino ni mimi, nakutajia kama jina nalo umelisahau. Mkono huu, Shemeji. Mkono huu ambao watu wanakata kurasa zake wanabandika ukutani, uchore maua ya pembeni. Nilikosa hamu ya kula, na wewe unajua hilo halijawahi kunitokea.

Likabandikwa tangazo mlangoni: anayetaka kumwandikia Podo alete kurasa chache, aanzie pale pale kwenye "Umempata". Mimi mwenyewe nilijaribu, na kazi yangu ilizishinda zote, ila Mchapaji hana jicho. Niliweka mapigano mwanzo mwisho bila neno hata moja. Akaniuliza maneno yako wapi. Nikamwambia yamo kwenye ngumi. Akaniambia nirudi mezani kwangu.

Akaja yule rafiki yako uliyemsifia, wa skafu shingoni kwenye joto hili. Alitaka Podo auvunje upinde kwenye ukurasa wa kwanza, kisha akae chini atafakari.

"Na mishale?" Mchapaji akamuuliza.

"Mishale ni mawazo yake."

"Huyu kijana anachora mishale," Mchapaji akasema, akininyooshea kidole chenye wino. "Mawazo sijamnunulia penseli yake."

Rafiki yako akaondoka, na chai hakumaliza. Nikaimalizia.

Akaja Mwalimu, yule mstaafu wa mtaa wa nyuma aliyekuwa anatutandika kwa herufi kubwa na ndogo. Maneno yake yamenyooka, sikatai. Lakini mshale ukishatoka kwenye upinde wa Mwalimu, kabla haujafika, Podo anawapa wananchi nasaha juu ya usafi wa mitaro. Ukurasa mzima na nusu, na mshale uko hewani tu, unamsubiri amalize. Nikamuuliza, "Mwalimu, huo mshale niuchore umesimama au umekaa?" Akaniambia sijabadilika.

Wa mwisho ni Mtangazaji, yule wa mpira redioni. Yeye kila kisanduku ni hivi: anavuta, bado anavuta, ameachia, unakwenda, unakwenda. Nikamwambia kaka, hicho ndicho nilichokichora. Akasema, "Na wasioona je?" Nikamjibu wasioona hawanunui katuni. Akasema nina mdomo mchafu, na mimi nikamwambia wake ni msafi ila haufungi.

Basi Mwalimu na Mtangazaji wakakutana kiwandani siku moja kusikia jibu, wakaingia kwenye hilo neno lako. Mwalimu anasema "u" ni ya mshale, mshale umempata, Bi Kufuli ni marehemu, sarufi haina huruma. Mtangazaji anasema "u" ni wewe, umempata, yaani kaonekana, mchezo bado unaendelea. Mwalimu akaomba ubao. Hatuna ubao. Akaandika kwa chaki kwenye ubavu wa mashine, na Mtangazaji anafuta kwa kiwiko, na Mchapaji kainamisha kichwa mezani kama mtu anayesikiliza reli. Nikaona wazi kabisa, Shemeji, hapa tunakwenda kwenye kalenda.

Ndipo mlango ukafunguliwa, akaingia mama.

Sasa hapa lazima niseme kitu ambacho wewe unakijua na wao hawakukijua. Ulipomwanzisha Bi Kufuli uliniandikia pembeni, "Mchore kama mtu tunayemjua wote, halafu kaa kimya." Mama mtunza stoo ya hospitali, funguo kiunoni, miwani ya kamba, gauni la mistari. Mimi nikamchora, na hapo ndipo kipaji kinapomponza mtu, maana nilimtoa yeye hasa, mpaka ile namna anavyokaza mdomo mtu akichukua sahani bila kuuliza. Ulidhani mama hasomi katuni. Kweli hasomi. Ila wagonjwa wanasoma. Jana yake jioni mgonjwa mmoja wa mguu wa plasta alimwona anapita wodini na mablanketi, akamuuliza, "Bi Kufuli, ule mshale ulikupata au haukukupata?" Wodi nzima ikanyanyua vichwa kusubiri jibu.

Alipoingia, Mwalimu akatazama ukurasa, akamtazama mama, akatazama ukurasa tena. Mchapaji akasimama. "Karibu, Bi..." akaanza, akalimeza lililobaki. Mimi nilikuwa nimeshafika nyuma ya marobota ya karatasi, si kwa woga, kuna kitu nilikuwa nakitafuta.

Mama akavuta stuli akakaa. Akaweka lile toleo mezani.

"Huyu ni nani?"

Mchapaji akaanza kupangusa mikono kwenye aproni.

"Nauliza kwa sababu amevaa gauni langu."

Mtangazaji, mtu anayelipwa kwa kusema, akatazama viatu vyake.

"Nani kamchora?"

Macho yote yakaja kwenye marobota. Nikatoka.

"Kiuno umenipunguza," mama akasema. "Ahsante. Na nani kaandika huu upuuzi?"

Nikakutaja, Shemeji. Nilikutaja kabla hajafika mwisho wa swali. Na ningekutaja mara mbili kama angeniruhusu.

Akavaa miwani, akasoma maneno ya Bi Kufuli kwa sauti ile ile anayosomea hesabu ya sindano: "Ha ha ha, enyi viumbe dhaifu, nitawafungia nyote milele." Akavua miwani.

"Mimi nikifunga mlango sicheki," akasema. "Nafunga, basi."

"Sasa mama," Mtangazaji akajipa ujasiri, "wewe ungesemaje?"

Nikajua leo tunazika mtu. Lakini mama alimtazama tu, akanyoosha mkono, na mkono wa mama ukinyooka mtu anaweka kitu. Nikaweka penseli. Akageuza kurasa za Mwalimu upande mweupe, akaandika hapo hapo, polepole, anakaza mdomo. Alipomaliza akamsukumia Mchapaji, naye akatusomea. Nakuandikia jinsi ilivyokuwa, uone tofauti ya mtu na mtu.

Bi Kufuli amekaa ndani ya stoo yake, anahesabu mablanketi. Podo amesimama mlangoni, upinde umevutwa. Rafiki yake yuko nje, anasema, "Umempata." Bi Kufuli hanyanyui kichwa. Anasema, "Kanipata, mlango ulikuwa wazi. Ingia ufunge nyuma yako, kuna baridi." Podo, mtoto aliyelelewa, anaingia anafunga. Bi Kufuli anasema, "Huo haufunguki kwa ndani." Kisanduku kinachofuata hakuna neno. Kisha Bi Kufuli anasema, "Hiyo kamba utaivuta mpaka lini? Mkono utachoka. Mimi nimekaa."

Mimi nimekaa. Shemeji, nilitafuta penseli nyingine hapo hapo. Nimemchora Podo akirukaruka juu ya mapaa miaka yote, na hujawahi kuniandikia kwamba upinde ukivutwa mkono unachoka. Wewe kwako Podo anavuta upinde, anakumbuka utoto wake, anamtukana adui, anaomba dua, mkono uko pale pale kama wa sanamu.

Mwalimu akauliza kwa sauti ndogo, "Kisha?"

"Kisha nini?"

"Anatokaje?"

"Sijui," mama akasema. "Nina zamu saa nane." Akachukua pochi yake.

Mchapaji akamfuata akimbembeleza. Mama akasema hana muda wa mambo ya watoto, ana stoo, ana nyumba, ana binti ambaye mume wake yuko mbali. Alikuwa ameshashika kitasa. Nakuapia alikuwa anaondoka. Angeondoka, na mimi sasa hivi ningekuwa nachora ua la mwezi wa Machi.

Ndipo ukapiga simu.

Ungechelewa hatua chache tu ingekuwa imekwisha. Lakini wewe, uliyekuwa hupatikani ukitafutwa, ukapiga saa hiyo. Mchapaji mikono yake ina wino, akabonyeza kwa kiwiko, sauti ikatoka chumba kizima. Hukusalimia hata. Ulisema, na mashahidi ninao:

"Bosi, nasikia unatafuta mwandishi. Usimpe mtu Podo, Podo ni wangu. Na mkishindwa kabisa kuendelea, muueni yule mama. Mwacheni afe. Ameshanichosha, hana faida tena."

Mchapaji akafungua mdomo. Mama akanyanyua kiganja, akarudi mezani, akainamia ile simu.

"Hujambo, baba."

Tulisikia hata gari likipita huko kwenu.

"Mama," ukasema. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Endelea. Nani hana faida?"

"Mama, mtandao huku..."

"Mtandao mzuri. Nakusikia vizuri sana. Ulikuwa unasema nani afe?"

Ukakata. Mtangazaji, ambaye siku nzima hakujua pa kunyamaza, akasema polepole, "Na mpira umetoka nje." Mwalimu alicheka mpaka akaishikilia mashine, chaki yote ikamhamia kwenye koti.

Mama hakucheka. Alivuta stuli, akakaa, akamwambia Mchapaji, "Leta karatasi. Nyingi." Zamu siku hiyo alichelewa, mara ya kwanza tangu nizaliwe.

Hivyo ndivyo Podo alivyopata mwandishi, Shemeji, na aliyemchagua ni wewe. Mchapaji anasema hata tangazo lake halikufanya kazi nzuri kama simu yako.

Usidhani ni rahisi kufanya kazi naye. Wewe ulikuwa unaandika "Podo anapigana vikali" halafu unaniachia mimi nihangaike. Mama alifunga kipande cha mpira wa tairi kwenye kitasa cha jikoni, akaniambia vuta, shikilia, na yeye anapiga pasi. Nikashikilia. Akapiga pasi shuka, foronya, gauni la kazini. Mkono ukaanza kutetemeka, na ujue nilishikilia muda mrefu kuliko mwanamume yeyote angeshikilia. "Umechoka?" Nikasema sijachoka. Akachukua shuka jingine. Nilipouachia ule mpira ukanichapa sikio, akasema, "Sasa nenda kachore huo mkono." Nimeuchora. Ndio mkono bora niliowahi kuuchora, na sikio limeshapona.

Maneno anakata kama nyama. Nikimwachia kiputo kikubwa anaweka neno moja katikati, kinabaki cheupe. Nikamwambia mama, nafasi inapotea. Akaniambia, "Haipotei. Hapo anaogopa."

Katika toleo lake Podo mwishowe anashusha upinde. Bi Kufuli hamfungi kamba wala hamtukani. Anamwambia, "Maadamu upo, kunja haya mablanketi." Na ukurasa wa mwisho shujaa wa mji mzima, mwenye mishale inayokata kona, anakunja mablanketi na anarudishwa kwa sababu pembe hazijalingana. Nilidhani watu watatupiga mawe. Wakalimaliza toleo, wakarudi kuuliza lingine. Yule wa plasta kahama kitanda ili awe karibu na mlango wa stoo, amuulize mama kinachofuata. Mama anamwambia kinachofuata ni dawa yake.

Dada alilisoma jikoni amesimama. Alicheka mpaka akamwaga maharage aliyokuwa anachagua. Na nilipomwambia habari ya simu alicheka pia, ila baadaye, na si sana. Alisema, "Alipiga, hakuniulizia?" Nikamwambia mtandao. Hapo nilikusitiri, Shemeji, na ni mara ya mwisho nakusitiri. Umekaa kimya muda wote huo, kisha ukaja kupigania mtu wa wino na karatasi, na mtu wa kweli hukumtaja.

Sasa nasikia umemtuma yule rafiki yako wa skafu kwa Mchapaji, eti Podo arudishwe kwako, wewe ndiye mwandishi anayemfaa, hao wengine wanamharibu. Kafikisha ujumbe wako neno kwa neno, akiwa amesimama mlangoni, tayari kukimbia. Mchapaji amejibu hivi, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kukufikishia, kazi niliyoipokea kwa furaha: mlango uko wazi kwa kila mtu. Anayemtaka Podo alete kurasa za majaribio kama walivyoleta wenzake. Anzia pale alipoishia mama. Podo yumo stoo, amezungukwa na mablanketi, mlango haufunguki kwa ndani. Mtoe, kama unaweza.

Msomaji wa kurasa za majaribio ni mama. Anasema hana kinyongo na wewe, wewe ni mtoto wake kama mimi, atazisoma kwa haki. Amesema hivyo huku anachonga penseli nyekundu.

Mchapaji anakusalimu kwa mikono miwili. Mtangazaji na Mwalimu wanakusalimu, siku hizi wanakaa benchi moja kusubiri toleo. Mama anakupa salamu zake, ila kasema zisizidi hizo. Salamu za dada sikupewa, muombe mwenyewe, namba yake haijabadilika. Mungu akulinde huko uliko, akupe afya na kazi isiyo nzito, na akulainishie moyo kabla hujashika kalamu.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye kwa sababu sikuulizwa,

Wino

N.B. Andika kwa mwandiko mkubwa. Miwani ile ya kamba ni ya zamani, na akikosea kusoma neno lako hutamwambia wewe kwamba kakosea.